Mama Aliyefunga Madirisha

Mzee mmoja wa kanisa, kama hawa waliokaa mbele hapa, msicheke, aliamua kupanda Mlima Meru. Alikuwa anachangisha kwa ajili ya watoto ambao kelele inawaumiza, mwanga unawaumiza, hata lebo ya shati shingoni inawaliza. Jambo jema hilo, au siyo?

Sasa, jirani yake alikuwa na mtoto wa namna hiyo. Siku ya kumuaga mzee, mtaa mzima ulifika, yule mama hakuonekana. Mzee akanuna. "Napanda mlima kwa ajili ya mwanawe, kuniaga tu kumemshinda? Huyu ana lake jambo." Huko njiani, badala ya kusali, akawa anaunganisha mambo: madirisha yanafungwa mchana, mtoto hatoki, kilio kinasikika. Anamfungia! Anamtesa! Na watu wa mtaani mnatujua: lisemwalo lipo.

Aliposhuka, hata buti hakuvua. Akaenda kwa jirani, akagonga mlango kwa ngumi.

"Mama, fungua! Leo naenda ustawi wa jamii, waje wamchukue mtoto huyu!"

Mlango ukafunguka kidogo. Madirishani kulikuwa na mablanketi, na mtoto alikuwa chini ya meza, ameziba masikio, anatetemeka mwili mzima.

"Unaona?" mzee akafoka. "Umemfanya nini?"

"Alikuwa anacheza, baba," mama akajibu kwa sauti ya chini. "Mpaka ulipogonga."

Mzee akashusha ngumi.

"Na siku ya kukuaga tulikuja," mama akaendelea. "Tulipofika kona ya kwanza tu, matarumbeta yakalia. Akajiuma mkono mpaka damu, nikamrudisha."

Mnamcheka mzee? Ngojeni kwanza. Fundi, zima spika. Zima zote. Mnanisikia hivihivi? Kumbe mnanisikia!

Yule dada anayekaa nje getini na mwanawe kila Jumapili, tumesema nini juu yake? Tumesema amepoa kiroho. Tumesema ana mambo ya kishirikina. Mimi mchungaji wenu nimeyasema hayo, tena kwenye kikao, na hakuna hata mmoja wetu aliyetoka kumwuliza. Naona aibu, ndugu zangu.

Leo hatuimbi wimbo wa mwisho. Kaeni kimya hapo mlipo. Natoka kumwomba msamaha.