Mililita Elfu za Kifaru

Niwamwagie hadithi?
Mwaga, tukinge!

"Sogeza pua yako mbali na debe, Mjomba Kifaru!" Digidigi akapaza sauti.

"Sisogezi! Debe hili langu."

"Kisima tulichimba sote. Wewe ulilala!"

"Nililala kwa nguvu zangu mwenyewe. Toka hapa!"

Kisima kilikuwa kimekauka. Lilibaki debe moja tu la maji, lita ishirini, na Digidigi alikuwa na watoto wawili nyumbani, ndimi zimewakauka hata kulia hawawezi.

Kifaru akanguruma, "Lita kumi na tisa zangu. Moja yako. Kobe, pima!"

Kobe ndiye aliyekuwa mpimaji, mwenye chupa ya lita moja.

Digidigi akawaza: lita moja, watoto wawili, jua kama hili. Watakufa. Akapiga magoti.

"Haya, mjomba, chukua kumi na tisa zako. Ila usiniguse mililita zangu elfu."

"Elfu?" Masikio ya Kifaru yakasimama. "Wewe, mdogo kuliko mavi yangu, uwe na elfu?"

"Elfu moja tu, mjomba."

"Kobe! Kipi kingi, kumi na tisa au elfu?"

Digidigi akabana pumzi. Kobe akamtazama. Akalitazama debe. Akameza mate, gudu.

"Elfu, bwana mkubwa."

"Basi elfu zangu! Hizo kumi na tisa achukue yeye." Akachovya pua majini, chubwi! "Elfu zangu!"

Na mila ya pale ni hii: ukitaja fungu lako huku pua imelowa, huligeuzi. Anayegeuza hachoti tena maji katika kisima chochote.

Kobe akachota, glu, glu, glu, chupa ikajaa. "Elfu zako hizi."

"Na nyingine?"

"Zimekwisha. Lita moja ndiyo mililita elfu."

Digidigi hakungoja. Debe kichwani, mbio, tapu tapu tapu! Nyuma yake ardhi ikatetemeka, gidi gidi gidi! Akaingia ndani, akasukuma gogo mlangoni, akawanywesha watoto.

"Fungua! Nirudishie!"

Wanyama wote wakatoka, wakasimama wakiitazama pua ya Kifaru iliyolowa. Akainua mguu auvunje mlango. Akawatazama. Akaushusha.

Hadithi yangu imekwisha, kiu yangu bado. Na funzo alilitoa Digidigi mwenyewe kupitia ufa wa mlango:

"Mjomba, waambie wanao wasijisumbue na shule. Elfu ni elfu tu."