Safu Zilizopindwa

"Heri kupinda safu kuliko kubomoa msikiti." Mmeniuliza, wajukuu zangu, neno hili lilitoka wapi. Basi lilizaliwa hivi.

Katika nyanda za juu za Sumatra, nchi ya Waminangkabau, alikuwapo imamu aitwaye Labai Saman. Msikiti wa kijiji aliujenga babake, na kwa miaka arubaini Labai Saman aliswalisha humo akielekea magharibi barabara, kama alivyofundishwa.

Kisha mpwa wake Burhan, aliyemlea mwenyewe, akarudi kutoka masomoni Makka. Haukupita mwezi, akasema mbele ya watu kwamba msikiti haukuelekea kibla. Makka iko magharibi, lakini imeelemea kaskazini. Kijiji kikagawanyika. Vijana wakanoa mashoka, jengo livunjwe. Wazee wakamtaka imamu amfukuze Burhan.

Labai Saman hakumfukuza. Alimwita uani.

"Nionyeshe," alisema.

"Kesho alasiri, Mjomba, jua litakuwa juu ya Kaaba yenyewe. Tusimamishe fimbo; kivuli chake kitalala kwenye mstari wa kibla. Kivuli hakijui mpwa wala mjomba."

Kesho yake walisimamisha fimbo. Kivuli kikalala mshazari, hakikufuata ukuta wa msikiti. Mzee alikitazama hadi machozi yakamlenga.

"Na baba yangu? Swala zake zote zilikwenda wapi?"

Burhan, aliyekuwa akinena bila woga mbele ya watu, alishusha sauti. "Zimepokewa, inshallah. Aliyetafuta kibla kwa kadiri ya ujuzi wake hana lawama. Lawama ni yetu sisi tuliokwisha kuona."

Ijumaa vijana walikuja na mashoka, wazee wakakaa mlangoni kuwazuia. Labai Saman akawapita wote, akaingia, akaanza kuvuta mikeka mmoja mmoja na kuitandika mshazari. Burhan akainama kumsaidia.

"Na mihrabu, Mjomba? Si itapoteza watu?"

"Mihrabu ni pahali pa imamu, na imamu amekwisha hama. Babangu alikosea pembe tu, hakukosea nia. Heri kupinda safu kuliko kubomoa msikiti."

Vijana wakaacha mashoka nje. Wazee wengi waliingia. Lakini mmoja wao, Datuk Marajo, sahibu wa Labai Saman tangu utotoni, alikwenda zake, wala hakuswali tena nyuma yake mpaka kufa. Jambo hilo lilimuuma sana Labai Saman, ila mikeka hakuirudisha.

Ndiyo maana anayetaka kuvunja kila cha wazee kwa sababu ya kosa moja, na anayelinda kosa kwa sababu ni la wazee, wote wawili huambiwa: heri kupinda safu kuliko kubomoa msikiti.