Jina Lenye Kiwimbi

Ndugu zangu, ofisi moja ya kutengeneza programu za kompyuta ilikuwa na dada mmoja ambaye kazi yake ni kuzijaribu kabla hazijatoka. Yaani analipwa kukataa. Wakati huo walikuwa na programu ya hospitali, ya kuchapisha jina kwenye utepe wa mkononi mwa mgonjwa.

Akajaribu majina mengi, yakapita. Akajaribu Mũkami, jina la nyanya yake, lenye kiwimbi juu ya u. Vibonye vya kompyuta havina herufi hiyo, kwa hivyo huandikwa kwa msimbo: mstari wa mshazari, u, halafu tarakimu nne. Programu ndiyo inatakiwa kuugeuza msimbo uwe herufi. Haikuugeuza. Utepe ukatoka na tarakimu katikati ya jina la mtu, kama namba ya mfungwa.

Bosi akaja, akatazama. "Futa hilo jaribio. Hospitali inangoja."

"Jina bado linakosewa, bosi."

"Programu nimeiandika mimi mwenyewe, ni nzima. Jina ndilo lina kasoro. Weka u ya kawaida."

Dada yule akakataa. "Nyanya aliitwa hivi kabla kompyuta haijafika nchi hii. Sifuti, na sahihi yangu ya kuipitisha programu sitii."

"Basi kesho usije."

"Sawa. Lakini leo bado niko kazini." Akavuta kiti, akaketi.

Nyinyi mngefanyaje? Si mngefuta? Kiwimbi tu, nani atakiona?

Akapekua programu mstari kwa mstari hadi akaona. Katika lugha ile ya kompyuta, ukilifunga neno kwa alama za kunukuu mbilimbili, msimbo unafunguka. Ukilifunga kwa mojamoja, unabaki ulivyo. Bosi alikuwa ametumia mojamoja. Dada akazibadilisha, akachapisha, akamwekea bosi utepe mezani.

Mũkami.

Bosi akausoma. "Peleka hospitali," akasema, na macho hakuyainua.

Wapendwa, jina halikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika alama ambazo bosi alilifungia. Na sisi je? Binti alipata mimba, tukamtoa kwaya. Kaka alitoka jela, tukahama benchi lake. Tukasema kasoro ni yao. Nani aliwafungia katika hukumu hiyo, kama si sisi? Leo wapo wanaotaka tuwafute kabisa, ili kanisa lionekane safi. Mimi nakataa, na nawaomba mkatae.

Mungu hajawafuta. Wewe kifutio umekitoa wapi?