Aliyeonja Kwanza

Mtu mmoja aitwaye Elinami alikuwa na vitu viwili vya kutunza: chupa tatu za mvinyo wa Kifaransa, na mdogo wake aliyeugua tumbo. Chupa alizipangusa vumbi kila Jumamosi. Kwa mdogo wake alipiga simu, akikumbuka.

Chupa hizo alirudi nazo kutoka Ufaransa, alikokwenda kusoma akiwa kijana. Mdogo wake, Ndekirwa, ndiye aliyebaki mlimani kupalilia kahawa ya baba yao ili mmoja wao apate kwenda. Elinami alipojenga nyumba yake alizisimamisha juu ya kabati la sebuleni, karibu na dari. Juu ya dari kulikuwa na bati, na juu ya bati kulikuwa na jua. Mvinyo wa namna ile hulazwa mahali penye giza na ubaridi, mbali na macho ya watu, na Elinami alilijua hilo vizuri, kwa kuwa alifundishwa na wenye mvinyo wao. Lakini kilicholazwa gizani hakimpi mtu heshima mbele ya wageni. Basi zikasimama pale, joto likizipanda na kuzishuka, na kila aliyeingia alionyeshwa. Elinami aliyatamka majina ya mvinyo ule puani, kama yanavyotakiwa, maana ni majina ambayo nusu ya herufi zake zimewekwa kwa ajili ya heshima tu. "Hizi hazifunguliwi hovyo," alikuwa akisema. "Hizi zinangoja." Wageni walizitazama kwa adabu, kama watu watazamavyo picha ya marehemu wasiyemfahamu, kisha wakauliza kama kuna soda.

Miaka ikaenda. Elinami akaota mvi, akastaafu. Kwenye harusi wakaanza kumkalisha meza za nyuma, na vijana wa mtaani wakawa wanamwita mzee, si daktari, ingawa shahada yake ya Ufaransa ilimpa jina hilo. Chupa zile tatu ndizo zilizobaki kushuhudia kwamba aliwahi kufika mbali. Hapo akaona wakati wa kuzifungua umefika.

Lakini kwanza ijueni desturi ya kwao. Kwao mlimani, anayeleta kinywaji huonja kwanza, watu wakimwona, ndipo ampe mwenzake. Iwe mbege ya harusi, ile pombe ya ndizi, iwe maji ya mpita njia, kata isiyoonjwa na mwenyewe haipokelewi. Watu wa siku hizi wanacheka, wanasema ni kutoa sumu. Maana yake ni pana kuliko sumu. Aonjaye anasema kwa mdomo wake mwenyewe: kama hiki ni kibaya, ubaya wake umeanza na mimi. Baba yao Elinami alikuwa mpishi wa mbege aliyesifika, na siku ya kipaimara cha Ndekirwa mbege yake ikamwaibisha. Ua ulikuwa umejaa watu wenye kiu. Mzee akachota, akaonja, kisha akaimwaga kata yote kwenye shina la mgomba. "Imekataa," akasema. "Nisameheni, jamani. Kunyweni maji." Walimtania kwa jambo hilo mpaka walipochoka. Lakini tangu siku ile hadi anazikwa, hakuna mtu aliyenusa kata ya yule mzee kabla ya kuinywa.

Jumapili moja alasiri, baada ya ibada, Elinami aliwaalika watu aliowaona wanafaa. Alikuja Mzee Kimambo, mwalimu mkuu mstaafu, amevaa tai. Alikuja Bi Aikande, ambaye zamani alifanya kazi ubalozini na hakuwaacha watu wasahau. Na Ndekirwa akaja, kwa kuwa Ndeshi, mke wa Elinami, alisema haifai mtu kufungua kitu alichokaa nacho umri wote huo bila mdogo wake kuwepo. Alishuka kutoka mlimani na mkungu wa ndizi, akaupeleka jikoni, akanawa mikono, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Ndekirwa alikuwa na vidonda vya tumbo. Mbege alikuwa ameiacha, na daktari alimkataza kila kitu kichachu, hata ndimu kwenye mchuzi. Alikuja kwa sababu kaka ameita.

Elinami alitandika kitambaa cheupe, akapanga glasi, akakata mkate. Katikati ya meza aliweka bakuli la kutemea. Akawaeleza kwamba mvinyo huu ni wa bonde moja la mto lakini wa mavuno ya miaka mitatu tofauti, na kwamba kazi yao leo ni kuonja na kulinganisha. Akawaeleza pia kuwa kwa Wafaransa si aibu mwonjaji kutema. Bi Aikande akaitikia kwa kichwa kama aliyewatemea wengi. Kisha Elinami akaizibua chupa ya kwanza. Kizibo kikakatikia ndani, kikatoka vipande vipande kama mkate uliokauka. Akamimina. Mvinyo uliokuwa mwekundu ulikuwa umegeuka rangi ya chai iliyolala. Akainua glasi, na harufu ikamfikia kabla ya glasi yenyewe.

Ilikuwa siki. Si mvinyo uliochoka, si mvinyo wenye tabia yake. Siki, ile ya kumwagia kabichi.

Bakuli lilikuwa pale, karibu na mkono wake wa kulia. Neno la baba yake lilikuwa tayari kinywani mwake, neno moja tu, na lingetosha. Wangecheka, wangekula mkate na nyama ya Ndeshi, wangerudi makwao. Elinami akamtazama Mzee Kimambo na tai yake. Akameza.

"Umekomaa," akasema.

Mzee Kimambo akazungusha glasi yake, akaonja, akafumba macho kwa muda mrefu. Labda alikuwa anaomba. "Ngozi," akasema hatimaye. "Napata ngozi ya viatu. Lakini viatu vizuri."

"Mimi napata msitu," akasema Bi Aikande, machozi yakimlengalenga. "Msitu baada ya mvua."

"Msitu upi huo, mama?"

"Wa kulekule kwao, Mwalimu. Wewe hujafika."

Chupa ya pili ikafunguliwa, nayo ilikuwa siki, dada wa ile ya kwanza, na wakazilinganisha. Wakakubaliana kwamba ya kwanza ina majivuno kidogo, lakini ya pili ni kama mtu mpole aliyesoma. Msicheke sana. Kila mmoja pale alikuwa na ulimi mzima, na kila mmoja alisikia ulimi wake unamwambia nini. Lakini mwenye chupa ameshaonja, ameshatoa neno, na nani atakubali aonekane yeye ndiye ambaye hajafika? Tumekaa kwenye mikutano ya namna hiyo, mimi na ninyi, na tumepiga makofi.

Ndekirwa peke yake alikuwa hajaigusa glasi yake. Hakuwa anaona haya. Alikuwa anangoja wakubwa wamalize kusema.

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "huu hauna uchachu? Unalijua tumbo langu."

Swali lilikuwa dogo, na aliyeliuliza hakuwa anamtega mtu. Elinami aliziona njia zote mbili kwa uwazi. Akisema una uchachu, viatu vya Mzee Kimambo na msitu wa Bi Aikande vinaanguka mezani mbele ya wote, na Ufaransa yake inaanguka navyo. Akisema hauna, ni tumbo moja tu litakalojua, na tumbo halina mdomo mbele za watu. Tungependa kusema kwamba alijibu bila kufikiri. Hapo ndipo aibu yake ilipo mpaka leo: alifikiri.

"Hauna, mdogo wangu," akasema. "Huo ni ukomavu tu. Kunywa."

Ndekirwa akanywa. Uso wake ukakunjamana, kisha akaunyoosha kwa nguvu. Akamtazama kaka yake. Akanywa tena, akanywa mpaka chini, kama walivyofundishwa na baba yao kukimaliza kile ulichoonjewa na mkubwa wako. Akaiweka glasi taratibu, akasema, "Asante, kaka." Kwenye bakuli la kutemea hakuna aliyetema hata tone.

Wageni walikuwa hawajaaga bado wakati Ndeshi alipomkuta shemeji yake nyuma ya jiko, ameinama, mkono mmoja ukutani, na alichokitapika kilikuwa na damu. Alikuwa ametoka kimyakimya ili asiwaharibie watu shughuli. Walimpeleka hospitali kwa gari la Mzee Kimambo. Njia nzima Mzee Kimambo hakusema tena habari za ngozi, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Elinami alikaa nyuma, kichwa cha mdogo wake kikiwa mapajani pake, na kila gari liliporuka kwenye shimo alisikia harufu ileile ikimtoka Ndekirwa kinywani, na ikimtoka yeye mwenyewe.

Ndekirwa hakufa. Kesho yake asubuhi Elinami alikwenda wodini na Ndeshi, amebeba chupa, safari hii ya uji. Njiani alikuwa ameandaa maneno. Alikuwa ameandaa habari za joto la bati, na jinsi mvinyo wa zamani unavyoweza kubadilika bila mwenyewe kutambua, na jinsi hata wataalamu huko kwao wanavyokosea. Alipoyaanza, mdogo wake aliinua mkono wenye bomba la dripu, akamzuia.

"Niliujua uchachu tangu tone la kwanza, kaka," akasema. "Lakini wewe ulikuwa umeshaonja."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeeleza njia aliyopita, kwamba nilifika hapa nikakata kule. Ingekuwa hasira, Elinami angepata pa kushika. Angeweza kujibu, angeweza hata kukasirika yeye.

Mwishowe akafanya kile ambacho mikono yake ilikijua. Akamimina uji kwenye kikombe. Akaonja kwanza, kama desturi. Ulikuwa uji mwepesi wa mahindi, hauna ndimu, hauna chochote. "Ni mzuri," akasema, na ilikuwa kweli. Akampa mdogo wake.

Ndekirwa alikipokea kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima ileile. Lakini hakukiinua. Aliutazama mdomo wa kaka yake. Kisha, kwa haraka, kama mtu asiyetaka kuonekana, macho yake yakapita juu ya bega la Elinami, yakamtafuta Ndeshi aliyesimama upande wa miguuni mwa kitanda, aliyeupika uji ule. Ndeshi akaitikia kwa kichwa. Ndipo Ndekirwa akanywa.

Siki iliyobaki kwenye zile chupa mbili Ndeshi aliitia pilipili, na ni siki nzuri. Kwenye kachumbari haimdanganyi mtu. Chupa ya tatu iko bado juu ya kabati. Elinami haifungui wala hamwonyeshi mtu, na Jumamosi haipangusi tena, kwa kuwa kila akiinyanyulia uso anayaona yale macho ya mdogo wake yakipita juu ya bega lake.

Nawe uliyetangulizwa uonje kwa niaba ya wenzako, ukarudi na kata mkononi: yule anayekutazama mdomoni kabla hajanywa, umemwambia nini?