Udongo Uliotaka Ngoma

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba za udongo kama sisi, Tembo na shemeji yake Nyati walikuwa wakikandika kuta za nyumba ya Tembo. Mkewe Tembo alikuwa na mtoto mchanga, na mawingu ya masika yalikwishatanda.

Siku kumi hawakupumzika. Hakuna wimbo, hakuna utani. Kindi, fundi wa kufunga fito, akiwaambia wapumue kidogo, Tembo humjibu, "Kwani mvua nayo itapumua?"

Siku ya kumi na moja Nyati akakandika mpaka dirisha likaziba. Tembo akasinzia amesimama, akauegemea ukuta. Puuu! Upande mzima chini.

"Tunaanza upya sasa hivi!" Tembo akanguruma. Mkewe akatazama mawingu, akalia.

Kindi aliwaonea huruma, lakini hasira nazo zilimpanda. "Hawa leo watacheza, wapende wasipende," akajisemea.

Akarukia rundo la udongo, akauonja. "Ptuu! Ndiyo maana! Udongo huu haukuchezewa ngoma."

"Ngoma gani tena?" Tembo akauliza.

"Ee, mzee! Kwetu mafundi, udongo hukanyagwa kwa ngoma na vicheko. Kisha hufunikwa majani ya mgomba, na aliyeukanyaga hafanyi kazi yoyote mpaka kesho. La sivyo, haushiki. Ila ni kazi nzito hiyo. Sidhani mnaiweza."

"Sisi tusiiweze?" Nyati akafoka. "Lete ngoma!"

Wakachimba rundo jipya kando ya lile la kwanza, wakatia maji. Kindi akaanza: ndi-ndi-ti! ndi-ndi-ti! Nyati akazunguka, akateleza, chubwi! Matope mpaka puani. Tembo akacheka hadi machozi yakamtoka. Mkewe naye akaingia akimwimbia mtoto. Jua lilipozama wakaufunika udongo majani ya mgomba, wakala, wakalala fofofo.

Asubuhi Kindi akafunua majani. "Haya, bebeni udongo!"

Loo! Mikono ilikuwa myepesi, ukuta ukapanda wima, dirisha likabaki wazi. Adhuhuri kazi imekwisha. Tone la kwanza la mvua lilipoanguka, ti! mtoto alikuwa ndani.

"Kweli udongo wa ngoma una nguvu!" Tembo akajisifu.

Kindi akapanda paani kwanza, maana alimjua mwenyeji wake. "Udongo upi, mzee? Ule wa ngoma bado uko chini ya majani yake, sijaufunua. Mmekandika kwa lile rundo la kwanza, nililolifunika majani mlipolala!"

Tembo akamtazama Nyati. Nyati akatazama kwato zake.

"Shemeji," Tembo akasema polepole, "kumbe kilichoharibika hakikuwa udongo. Ni sisi."

Basi wanangu, anayejinyima kicheko ili kazi iishe upesi, kazi hiyo huiangusha mwenyewe.