Kocha Aliyevaa Jezi ya Waliofungwa

Wapendwa, kulikuwa na mchezaji mmoja wa mpira, namba kumi, ambaye enzi zake mabeki walikuwa wanamwota vibaya. Akigusa mpira, uwanja mzima unasimama. Umri ukafika, akatundika daluga, na klabu yake ile ile ikampa timu aifundishe. Hakufika mbali. Msimu haujaisha wakaachana, na mitaani watu wakaanza kusema kucheza ni kitu kimoja na kufundisha ni kitu kingine. Mtu aliyezoea kuimbwa, sasa akipita anaonewa huruma. Mnajua inavyouma?

Basi ikaja klabu nyingine, ya mji mdogo, iliyokuwa inachungulia kushuka daraja. Mwenyekiti wao akamwambia, "Mwalimu, sisi kombe hatuliwazi. Tubakishe ligi kuu tu." Akakubali, huku akijua akishindwa na hapa, hakuna atakayempigia simu tena.

Siku ya kwanza ya mazoezi akawagawa vijana timu mbili wachezeane, yeye akasimama pembeni na filimbi yake. Upande mmoja ukafungwa bao. Akavumilia, akavumilia, mwisho uzalendo ukamshinda. Akavua fulana, akavaa jezi ya wale waliofungwa, akaingia. Mara mpira unapita juu ya kichwa cha beki, kanzu, mara unapita katikati ya miguu, tobo, mara uko wavuni. Vijana wakampigia makofi. Siku hiyo alirudi nyumbani anaimba, mkewe akashangaa.

Ikawa ndiyo desturi. Kila mazoezi, upande ukizidiwa, mwalimu anavaa jezi yao. Anasimama katikati ya uwanja, ananyoosha mkono, wanampa mpira, anamaliza kazi. Watu wa mji wakaanza kujaa mazoezini kuliko kwenye mechi.

Msaidizi wake akamvuta kando. "Samahani, mwalimu. Ukiingia wewe, hawa wanatulia. Waache wahangaike kidogo."

"Nawaonyesha," akajibu. "Mtu hujifunza kwa kuona."

"Kuona wanaona. Ila miguu yao bado haijafundishwa kitu."

Akacheka, akampigapiga begani, mambo yakaendelea vile vile. Kwenye ligi wakawa wanajikongoja, leo sare, kesho kipigo, mpaka ikafika mechi ya mwisho. Sare tu ingewabakisha.

Kipindi cha pili wakafungwa bao. Na muda ulikuwa bado upo, ndugu zangu, muda wa kutosha kabisa. Lakini hakuna aliyekimbia kuuchukua mpira wavuni auweke kati. Timu nzima iligeuza shingo ikatazama benchi. Mwalimu amevaa suti yake, ameshika kiuno, haelewi. "Chezeni," akawaambia, "mbona mnanitazama mimi?"

Wakaanza. Nahodha akapata mpira, mbele yake peupe, angeweza kwenda mwenyewe mpaka golini. Akainua kichwa, akapiga pasi safi, iliyopimwa, kuelekea katikati, pale pale mwalimu alipozoea kusimama. Hapakuwa na mtu. Wapinzani wakauokota mpira kama wameokota embe njiani. Ikawa hivyo hivyo mpaka mwamuzi akamaliza mchezo, na timu ikashuka daraja.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kocha akamwendea nahodha. "Ile pasi ulikuwa unampa nani?"

Nahodha alikuwa analia. "Nilikupa wewe, mwalimu. Si tukifungwa huwa unaingia?"

 

Wapendwa, tusikimbilie kumcheka. Mama, unawaombea watoto wako kila asubuhi, na unafanya vyema. Je, umewahi kunyamaza ukamwacha mmoja wao aombe, hata kama maneno yatamkwama? Na sisi wazee wa kanisa: kila mgonjwa tunakwenda sisi, kila ugomvi tunasuluhisha sisi, kila mkutano tunafungua sisi na kufunga sisi. Tunasema ni upendo. Upendo umo, sikatai. Lakini na yale makofi tunayapenda, tusidanganyane hapa mbele za Mungu. Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili wakiwa bado hawajaiva. Alijua watakosea, na akawatuma. Wewe na mimi tunangoja nini?

Maana iko siku mwanao atazidiwa na wewe utakuwa nje ya mstari. Utakuwa umelala hospitali, au utakuwa udongoni, na hakuna jezi utakayovaa ukaingia. Siku hiyo atacheza kwa alichofanyia mazoezi, si kwa alichokuona ukifanya.

Kwa hiyo leo mkirudi nyumbani, chakula kikiwa mezani, baba, usiombe wewe. Mwachie mtoto. Akichanganya maneno, usimsahihishe. Akisahau kukutaja, usinune. Fumba macho, na akimaliza, wewe sema amina.