Chapa ya Mlango wa Zahanati

Hapo zamani, si zile za majitu na majini bali hizi za juzijuzi, palikuwa na kijiji kimoja juu kabisa ya milima ya Upare, ambako nguzo za umeme zilikuwa bado zinaahidiwa. Watu wa huko walijenga kwa msaragambo. Pembe ikilia, anayelima anaacha kulima, anayepika anaepua chungu, na kazi ya wote inafanywa na wote.

Lakini mlango ulikuwa na desturi yake. Fundi aliyetundika mlango wa jengo la kijiji alichorewa chapa yake kwenye kizingiti cha juu. Mlango mmoja, chapa moja, basi. Mzee Mchome alikuwa na chapa shuleni, alikuwa na chapa kanisani, alikuwa na chapa ghalani, na kila alipopita chini yake aliinua macho kuhakikisha kwamba haijatoroka.

Nakiete naye alikuwa seremala, tena seremala hasa, na hakuwa na chapa hata moja. Hakuna mwanamke aliyewahi kuwa nayo. Basi aliposikia kwamba inajengwa zahanati, alijiapiza kuwa mlango ule utakuwa wake. Akamuuza mtamba wake, akateremka mjini, akarudi na drili ya betri, ile ya bei ya kumtoa mtu jasho, imelala ndani ya sanduku lake kama bibi harusi.

Kijiji kilicheka! "Nakiete, ng'ombe kaenda mjini karudi bastola?"

Aliyecheka kuliko wote ni Sifaeli, seremala mwenzake, maana naye alikuwa na drili ya betri, ila ya kwake ilitoka kwenye turubai la mnadani, bei ya kutupa. "Dada, tundu ni tundu," alisema. "Kuna tundu lenye ladha? Kwa bei ya hiyo yako, mimi ningenunua yangu, ya mke wangu na ya mbuzi wangu."

"Kizuri chajiuza, kaka, kibaya chajitembeza," Nakiete alimjibu, na kichwa alikibeba juu kama aliyejitwika mtungi.

Pembe ikalia. Kuta za mawe zilikuwa zimesimama, paa limeezekwa, na dawa zilikuwa zimekwisha kupandishwa mlimani kwa vichwa vya akina mama. Dawa haziwezi kulala katika nyumba isiyo na mlango. Jua likizama bila mlango, zitateremshwa zilikotoka.

Sifaeli alikuwa wa kwanza kufika, akaanza na mbao. Akatoboa matundu ya bawaba, akatoboa matundu ya kitasa, akatoboa fremu nzima, haraka, safi, huku akipiga mluzi. Nakiete alipofika, watu walimzunguka. "Hebu tuione hiyo bastola!" Na yeye, kwa fahari iliyomjaa mpaka kooni, akawaonyesha. Huyu akajaribu kwenye gogo, yule akajaribu kwenye jiwe, hata mama mkwe wake, Nanzighe, akaikamata kwa mikono miwili akatoboa kigoda chake mwenyewe. Nakiete alicheka, na moyo wake ulikuwa mweupe. Hakukumbuka kwamba betri ni moja, kwa kuwa mtamba alikuwa mmoja.

Ikaja zamu ya ukuta. Fremu haishiki bila bolti, na bolti hazishiki bila tundu kwenye jiwe. Sifaeli akaingiza drili yake. Ikanguruma, ikakohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza.

"Pumzika, kaka," alisema Nakiete, akasogea. Yake ikaingia kwenye jiwe kama kisu kwenye papai. Tundu la kwanza, watu wakasogea. La pili, wakaguna. Akatoboa juu, akatoboa chini, bolti zikakazwa, na fremu ikasimama imara hata vijana walipoining'inia. Mara ile hakuna aliyetaja bastola.

Mlango ukainuliwa. Bawaba ya juu ikashika. Ya kati ikashika. Kwenye ya chini, Sifaeli alikuwa ametoboa pembeni kidogo, matundu hayakuoana, ikabidi yatobolewe mapya. Nakiete akabonyeza. Drili ikazunguka nusu mzunguko, ikakata roho.

"Chukua betri yangu, bado ina nguvu!" Sifaeli alisema. Wakajaribu. Wapi! Haikuingia, haikukaribia kuingia. Huyu ana mashine hana betri, yule ana betri hana mashine, na jua linateremka.

Ndipo Mzee Mchome alipoinuka, akatoa kekee yake, ile ya kuzungushwa kwa upinde na kamba. "Hii," alisema, "hula ugali tu." Akapiga magoti. Mikono ilitetemeka, lakini kekee haikutetemeka. Ikalia kwi, kwi, kwi, skrubu zikaingia, na mlango ukafungwa dawa zikiwa ndani. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka bonde likajibu.

Kisha wakatazama kizingiti. Kilikuwa kitupu.

"Chapa ni yangu," alisema Mzee Mchome. "Ng'ombe mzima wamemaliza, wamekwama mkiani. Nani kauvuta mkia? Mlango ni wa aliyeumaliza."

"Mzee, heshima yako, lakini hapana," alisema Sifaeli. "Mbao zote nimetoboa mimi kabla jua halijawa kali. Kosa langu ni bawaba moja. Na drili yangu imefia kazini. Ya nani nyingine imetoa uhai wake kwa ajili ya zahanati?"

"Jiwe lilikushinda, kaka," alisema Nakiete. "Bila mimi, mlango mngeutundika hewani? Niliuza mtamba kwa ajili ya ukuta huu."

"Na betri ukaimaliza kwa kujionyesha!"

"Niliimaliza. Lakini ni nani kati yenu hakuijaribu?"

Nanzighe akajikohoza. "Mkwe wangu, mtamba ulimuuza wewe, lakini aliyemkatia majani kiangazi chote, mlimani na bondeni, ni mimi mgongo huu. Mnaisifu drili. Mimi namwona ng'ombe wangu amesimama hapo mlangoni."

Wakacheka, kisha wakabishana, hawa upande huu, hawa upande ule. Mwishowe Mzee Mchome akachukua patasi, akaiweka mkononi mwa Nakiete. "Wewe umetoa kikubwa kuliko sisi sote, na umekosea mbele yetu sote. Chora. Utakayemchora, hatutamfuta."

Nakiete akapanda kwenye kigoda. Tangu utoto aliitaka nafasi ile, na sasa ilikuwa usawa wa macho yake, laini, imepigwa randa. Akaweka ncha ya patasi kwenye mbao, akainua nyundo. Chini yake, kijiji kizima kilikuwa kimemkodolea macho.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msimwachie peke yake. Aliyelitoboa jiwe kwa mali yake akaishiwa kwa fahari yake, aliyetoboa mbao kwa kifaa cha mnadani kikamfia mkononi, mzee aliyemaliza kwa upinde na kamba, au mama aliyemlisha mtamba: je, nani alistahili chapa?